Mwaka wa Kusikiliza katika Jimbo la Mtulie

Nchi ninayoisimulia haipo duniani, na ndiyo maana nimeweza kuishi humo miaka sitini na mitatu bila kugombana na mtu. Inaitwa Shwarini. Ukiitafuta kwenye ramani hutaiona. Ukiitafuta kwa jirani yako huenda ukaiona, lakini hilo ni kosa la jirani, si langu. Mimi nilikuwa karani wa posta, nikastaafu kwa heshima, na tangu hapo nimekuwa katibu wa kila kitu: katibu wa jumuiya, katibu wa kamati ya mazishi, katibu wa kamati ya kuandaa kamati. Watu wananiita Katibu, hata wale wasiojua jina langu. Nayasema haya ili mjue kwamba ninayoyaeleza niliyaandika kwa mkono wangu, tena kwa hati nzuri.

Shwarini ni nchi ya dini, na jimbo letu la Mtulie ndilo tulivu kuliko yote. Kwetu Kanisa ni mama, askofu ni baba, na sisi walei ni watoto, hata wale wenye wajukuu. Mtoto mwema haulizi chakula kimepikwaje. Simsemi mtu vibaya. Nalipenda Kanisa langu, nilibatizwa humo nikiwa na siku nane, na nitaomba kuzikwa humo, kadi yangu ikiruhusu.

Maana kwetu kuna kadi. Ni ya kijani, ukubwa wa kiganja, ina visanduku hamsini na viwili. Kila wiki unapohudhuria sala ya jumuiya, mwenyekiti anakugongea mhuri kwenye kisanduku kimoja. Juu imeandikwa Kadi ya Uhai wa Kikristo, na chini, kwa herufi za mlazo, Asiyekuwepo na lake halipo. Mwanzoni ilikuwa ya kututia moyo tu. Kisha ukaja waraka: Mkristo mwenye visanduku vitupu zaidi ya sita kwa mwaka hatazikwa na padre, hatasomewa misa, wala jina lake halitatajwa Siku ya Marehemu Wote. Waraka ulisomwa kanisani baada ya matangazo ya ndoa na kabla ya tangazo la mbuzi aliyepotea. Tuliupigia makofi. Ulikuwa umesomwa vizuri sana, kwa vituo vyote.

Wa kwanza kupatikana na hatia ya kufa bila mihuri ya kutosha alikuwa katekista wetu, Ladislaus.

Huyu alikuwa katekista wa kigango chetu kwa miaka thelathini na minne. Padre alifika kwetu mara moja kwa mwezi, mvua zikiruhusu, kwa hiyo aliyetufundisha, aliyetusalisha na aliyetuzika alikuwa yeye. Alizika watu zaidi ya mia mbili kwa kitabu cha sala kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Hata paroko wetu wa sasa, Padre Eusebi, ni mzaliwa wa hapahapa. Ishara ya msalaba alifundishwa na Ladislaus, tena kwa shida, maana alikuwa akianzia bega la kulia.

Ladislaus akaugua figo. Akalazwa wiki saba katika hospitali ya wilaya, na kila asubuhi padre wa hospitali alimpelekea Komunyo kitandani. Wiki ya nane akafariki, na kadi yake ikakutwa na visanduku saba vitupu. Mke wake, Mama Gaudensia, akapeleka barua ya daktari pamoja na barua ya padre wa hospitali. Padre Eusebi alizisoma zote mbili kwa huzuni ya kweli, nilikuwepo. Akasema barua ya padre mwenzake inathibitisha kwamba marehemu alipokea Mwili wa Kristo siku arobaini na tisa mfululizo, jambo jema sana kwa roho yake, lakini haithibitishi kwamba alihudhuria jumuiya. Akasema vingekuwa sita angefumba macho.

Basi tukamzika wenyewe. Padre Eusebi hakuwa na roho mbaya, alituma kwaya, kwa sharti moja tu kwamba wasitamke maneno. Kwaya ikasimama pembeni mwa kaburi na sare zake, ikaimba nyimbo tatu midomo imefungwa, sauti zote nne, kiongozi akipunga mikono. Nimehudhuria mazishi mengi, lakini sijawahi kuona watu wazima wakiona aibu kiasi kile. Mama Gaudensia hakulia. Aliwatazama midomo, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakainamisha vichwa.

*

Baada ya arobaini tulikutana nyumbani kwa Mwalimu Odilo. Huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu aliyeifundisha nusu ya wilaya kusoma na kuichapa nusu iliyobaki. Tukamfanya mwenyekiti kwa sababu alikuwa na sauti na kofia. Mimi nikawa katibu bila kura. Tuliandika barua kwa Baba Askofu, yenye maombi mawili. La kwanza, Ladislaus asomewe misa na jina lake litajwe Siku ya Marehemu Wote. La pili, jimbo lisiweke sheria juu ya walei kabla ya kukaa nao na kuzungumza. Mama Gaudensia alisema lile la pili ni letu sisi wenye shule. Yeye alitaka la kwanza tu.

Tulitia sahihi watu kumi na wawili, na hapo ndipo tulipokosea mara ya kwanza. Ofisi ya askofu ilituandikia kwamba idadi hiyo inaonyesha kiburi, kwa kuwa tunajifananisha na Mitume. Tukamwomba mmoja wetu ajiondoe, akajiondoa kwa moyo mkunjufu. Ofisi ikaandika tena kwamba kikundi cha watu kumi na mmoja kinadai kwamba kimekwisha kumjua Yuda ni nani. Hapo tukanyamaza, kwa sababu wakati huo tulikuwa hatumjui.

Mtashangaa nikisema kwamba barua yenyewe ilijibiwa. Ilijibiwa, tena kwa waraka wa kurasa kumi na nne uliotangaza Mwaka wa Kusikiliza kwa jimbo zima. Kanisa la Mtulie, ulisema waraka, limekuwa likiwasikiliza waamini tangu kuanzishwa kwake, na sasa limeamua kuanza. Ladislaus hakutajwa, lakini Mwalimu Odilo alituonyesha neno "wote" ukurasa wa tisa akasema na yeye yumo.

Iliundwa Idara ya Kusikiliza, na juu yake akawekwa Monsinyori Wensislaus, msomi aliyekaa ng'ambo miaka tisa akisomea ukimya. Alitoa Mwongozo wa Kusikilizwa, ninao mpaka leo. Anayetaka kusikilizwa alipaswa kupeleka kwa maandishi, wiki tatu kabla, yale atakayosema, ili msikilizaji asije akashtuka. Anayesifu angezungumza kwa kadiri Roho atakavyomjalia, na mwenye malalamiko angepewa sekunde arobaini. Jambo ambalo halijawahi kusemwa lisisemwe, kwa kuwa mambo mapya yana idara yake, nayo haijaundwa.

Kisha kikatoka kitenge. Mnajua kwetu hakuna jambo la Kanisa lisilokuwa na kitenge. Hiki kilikuwa cha bluu, kimechapwa sikio kubwa jekundu na maneno Nena, Bwana Anasikia. Sijui nani alipima. Mafundi wote wa jimbo walipokikata gauni, sikio liliangukia mahali pa kukalia. Jumapili akina mama walipopanda kupeleka vipaji vya sadaka altareni, kanisa zima lilitazamwa na masikio, nao kila walipoketi waliyakalia. Hakuna aliyecheka kwa sauti. Mama Gaudensia naye alinunua, akakishona, akakivaa.

*

Kazi kubwa ya mwaka ule ilikuwa Sanduku la Maoni. Lilikuwa la mninga, lenye kufuli mbili, likibebwa mabegani kutoka parokia hadi parokia kwa maandamano na ngoma. Watu waliandika miezi minne. Wasiojua kuandika niliwaandikia mimi. Bibi mmoja wa kigango cha mlimani aliomba padre aende kwao walau mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa hajaungama tangu daraja lilipobomoka na ameanza kuzisahau dhambi zake. Binti mmoja aliuliza kwa nini mtoto wake alibatizwa Jumatano kwa mlango wa nyuma, wakati mtoto wa diwani, aliyezaliwa vilevile, alibatizwa Pasaka kwa tarumbeta. Mama Gaudensia aliandika mwenyewe, kwa penseli, mistari minne. Nilitoka kwenye meza ya kuandikia kila siku vidole vikiuma, na nawaambia kweli sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nilikuwa naona watu wanavuta pumzi.

Mwisho wa miezi minne ikaadhimishwa misa ya kufunga Awamu ya Kwanza, kwenye viwanja vya kanisa kuu. Sanduku likapelekwa altareni na wasichana wa chama cha Bikira Maria wakicheza. Monsinyori Wensislaus akalifungua kwa funguo mbili, akatoa karatasi zetu kwa mikono miwili, gunia zima, akaziweka kwenye karai kubwa la makaa. Akatia ubani. Akasema maoni yetu sasa yapande juu kama sala.

Kwetu ni desturi. Mwisho wa novena, sala zetu za siku tisa, huwa tunaandika nia zetu kwenye vikaratasi na vinachomwa, moshi unapanda, watu wanaimba. Kwa hiyo moshi ulipoanza kupanda, tulifanya kile tunachofanya siku zote moshi ukipanda: akina mama wakapiga vigelegele, sisi tukapiga makofi, kwaya ikapandisha sauti. Mimi mwenyewe nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Tulikuwa tumefika ubeti wa tatu nilipoona karatasi moja yenye hati yangu ikijikunja kwenye makaa, nikakumbuka kwamba haikuwa nia.

Baada ya misa nilimfuata Monsinyori nikamwuliza kwa adabu kama kuna nakala. Alinitazama kwa upole akaniambia maoni yetu yamefika mahali pa juu kuliko Idara, na kwamba kuweka nakala kungekuwa ni kumwekea Mungu mashaka.

*

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Tulipolalamika, hatukufukuzwa, tulialikwa. Idara iliandaa Siku ya Mazungumzo ya Wazi, ana kwa ana na Baba Askofu, sisi kumi na mmoja. Ratiba ilianza saa tatu asubuhi kwa kuwasili kwa wageni, ikafuata saa nne kuwasili kwa wageni waliochelewa. Palikuwa na utambulisho, ngonjera ya masista, wimbo wa kusikiliza, zawadi ya beberu kwa Baba Askofu, shukrani za Baba Askofu kwa beberu, na salamu kutoka kwa mdhamini wa vitenge. Saa sita na dakika ishirini na sita yaliandikwa Majadiliano. Saa sita na nusu, chakula.

Dakika nne si haba. Barua yetu niliipima nyumbani kwa saa, inasomeka kwa dakika mbili na nusu. Mwalimu Odilo akasimama, akavua kofia, akafungua mdomo. Lakini yule ni mtu aliyekuwa akiwachapa wanafunzi kwa kuruka itifaki, na mtu habadiliki uzeeni. Akaanza na Mhashamu Baba Askofu, akaja Monsinyori Vikari wa Kusikiliza, waheshimiwa mapadre, masista na mabruda, mwenyekiti wa walei jimbo, makamu wake, wenyeviti wastaafu, mlezi wa kwaya, mdhamini, mwakilishi wa mdhamini. Nilimvuta koti. Akadhani nimemkumbusha mtu, akawaongeza watumishi wa altare. Aliposema itifaki imezingatiwa, ilikuwa imebaki nusu dakika.

Mama Gaudensia akasimama bila kuitwa.

"Baba Askofu," akasema, "mume wangu hakuikimbia jumuiya. Alikuwa kitandani anakufa. Naomba misa yake, na jina lake lisomwe."

Baba Askofu akavua miwani. Ni mzee mwenye uso mwema, na niliona kwa macho yangu chozi limemlenga. Akasema, "Mama, nimekusikia." Niliamini. Nataka niseme wazi kwamba niliamini kabisa, na mpaka leo sijui kama chozi lile lilikuwa la uongo, au lilikuwa la kweli na waliobaki ndio waongo. Kisha akanyoosha mkono, akatuita tusogee atubariki.

Sasa ninyi wa nchi nyingine mtasema tungebaki tumesimama. Mkatoliki wa Mtulie hawezi. Hata awe na hasira ya mwaka mzima, askofu akinyoosha mkono wa baraka, magoti yanajikunja yenyewe. Tulifundishwa hivyo kabla hatujajua kusoma, na aliyewafundisha watoto wetu vivyo hivyo ni Ladislaus. Tukapiga magoti, wote kumi na mmoja, mstari mmoja, vichwa chini. Mpigapicha wa Idara alikuwa amekwisha kupanda kwenye kiti.

Jumapili iliyofuata gazeti la jimbo, Zizi Letu, lilituweka ukurasa wa kwanza. Picha ilikuwa nzuri, hata kipara changu kilitoka vizuri. Juu yake: KUMI NA MMOJA WATUBU. Chini yake lilieleza kwamba kikundi kilichokuwa kikipotosha waamini kimepiga magoti mbele ya mchungaji wake na kuomba radhi, na kwamba mazungumzo yalifana.

Niliandika masahihisho. Idara ikanijibu kwa heshima zote kwamba gazeti huchapa yaliyothibitishwa kwa picha, na endapo tunayo picha inayotuonyesha saa ileile tukiwa tumesimama, tuilete. Mtaani watu walitupa pole, wengine hongera. Yule bibi wa mlimani hakutupa lolote. Alituma neno kwa mtu aliyekuwa akishuka sokoni: "Waambieni, kumbe na nyinyi." Maneno hayo yaliniuma kuliko gazeti. Yeye alinipa ombi lake niliandike, nami nikalipigia makofi likiungua.

*

Kikulacho ki nguoni mwako. Mwezi wa nane Mwalimu Odilo aliteuliwa kuwa Mlei Msikivu wa Jimbo. Ni cheo kipya. Kina mshipi wa zambarau, kiti safu ya mbele, na haki ya kusoma matangazo makubwa. Sikusubiri kuhadithiwa, nilikwenda kwake. Alikuwa anajipima mshipi mbele ya kioo cha kabati, na hakuona haya, aliniomba nimwambie kama umekaa sawa. Akanieleza kwamba aliye nje anapiga kelele na aliye ndani ananong'ona, na mnong'ono ndio unaofika. Amekubali kwa ajili yetu. Nikamwuliza amekwisha kunong'ona nini. Akasema bado hajapata nafasi, kikao cha kwanza kilihusu upana wa mshipi.

Nilimwambia ametuuza. Sikuwahi kumwambia mtu maneno hayo maishani. Yeye hakukasirika. Alinishika bega kama alivyokuwa akimshika mwanafunzi aliyefeli, akaniambia siku moja nitaelewa.

Siku hiyo ilifika mwezi wa kumi. Monsinyori Wensislaus aliniita ofisini kwake. Palikuwa na chai ya maziwa, mkate na siagi. Aliniita mwanangu, ingawa nimemzidi miaka ishirini. Mbele yake kulikuwa na Muhtasari wa Mazungumzo ya Wazi, kurasa sita, zilizopigwa chapa vizuri. Ulikuwa unahitaji sahihi ya katibu wa kikundi ili uwe halali. Bila sahihi, alisema, hakukuwa na mazungumzo; na bila mazungumzo hakuwezi kuwa na matunda. Akafungua ukurasa wa mwisho akanionyesha tunda. Jina la Ladislaus lingesomwa tarehe mbili Novemba, Siku ya Marehemu Wote, kanisani, mbele ya watu wote, na misa ingekuwa kwa ajili yake pia.

Niliusoma wote. Mimi si mtu wa kutia sahihi nisichokisoma. Ukurasa wa nne ulisema kikundi, pamoja na mjane, kilikiri uzembe wa marehemu na kuomba radhi kwa niaba yake. Niliuona. Siwezi kusema sikuuona. Nikamwambia Monsinyori kwamba hayo hayakutokea.

"Muhtasari, mwanangu, hauandiki kilichotokea," akasema. "Unaandika tulipofikia."

Akaniongezea chai. Akasema neno lile litakaa kabatini, ndani ya faili, ndani ya faili jingine, na mimi kama mtu wa ofisi najua kwamba mihtasari haisomwi na mtu. Hilo ni kweli. Nimeandika mihtasari miaka arobaini, na aliyewahi kuisoma ni panya. Nikamfikiria yule mama na kwaya iliyofunga midomo. Nikafikiri, neno moja ndani ya kabati, na upande wa pili jina linatajwa kanisani, mtu mwenye akili angechagua lipi? Nikatia sahihi.

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mama Gaudensia. Alikuwa anachambua mboga uani. Nilipomwambia jina litasomwa, aliweka ungo chini akalia, kilio ambacho hakukilia makaburini, mpaka jirani akachungulia. Alipotulia aliniuliza wamekubalije. Nikamwambia Mungu ni mwema.

*

Tarehe mbili Novemba kanisa lilijaa mpaka nje. Mama Gaudensia alikuwa amewaita ndugu wote wa mume. Kaka mkubwa wa Ladislaus, mzee asiyeona vizuri, alisafiri siku mbili. Walikaa safu ya nne, watu kumi na saba, wamevaa nyeupe, kila mmoja na mshumaa. Mama Gaudensia alinipungia mkono niliposimama karibu na nguzo, nami nikampungia. Moyo wangu ulikuwa mweupe kama nguo zao. Yale ya kabatini nilikuwa nimekwisha kuyasahau, au nilikuwa nimejiambia nimeyasahau.

Majina yalisomwa na Mlei Msikivu wa Jimbo, Mwalimu Odilo, na mshipi wake. Jina moja, kituo, jina jingine, kituo. Akafika herufi L. Hapo akafungua karatasi ya pembeni, akarekebisha miwani.

"Ladislaus, aliyekuwa katekista," akasoma, "ambaye kwa uzembe alijitenga na jumuiya, na ambaye mjane wake na wenzake, kwa hiari yao, walipiga magoti mbele ya Baba Askofu, wakakiri kosa lake na kumwombea radhi, naye Mama Kanisa, kwa huruma yake, amemsamehe."

Kanisa zima likaitikia, kama linavyoitikia kila jina, raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Lilisema kwa sauti nzuri. Yule mzee wa safu ya nne alimgeukia jirani yake akamwuliza kitu sikioni, na jirani akatikisa kichwa. Mama Gaudensia hakugeuka. Nilimwona shingo tu. Mshumaa wake ulikuwa unamchuruzikia mkononi na hakuuweka chini. Mwalimu Odilo aliendelea na herufi M.

Misa ilipokwisha nilitoka haraka nikasimama langoni. Sijui nilitaka kumpongeza au kujificha. Alinijia akiwa peke yake, shemeji zake wamebaki nyuma.

"Katibu, nani kaandika kwamba Ladislaus alikuwa mzembe?"

Nikasema ni Idara.

"Na sahihi ni ya nani?"

Nilianza kumweleza. Nilimwambia habari za tunda, za kabati, za faili ndani ya faili. Nilimwambia kwamba mihtasari haisomwi. Nikamwambia nilitia sahihi kwa ajili yake, kwa kuwa nilijua anachokitaka ni jina kusomwa, na sasa limesomwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Katika Mwaka ule wote wa Kusikiliza hakuna aliyenisikiliza vile.

"Kati ya kwangu na kwako pana nyumba mbili tu," akasema. "Kabla hujaishika hiyo kalamu, ulikuja kuniuliza?"

Alinisubiri kidogo, kwa heshima, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kukumbuka. Kisha akamfuata yule shemeji yake asiyeona vizuri, akamshika mkono wakaondoka, na wale kumi na watano nyuma yao. Mimi nilibaki langoni. Watu waliokuwa wakitoka walinipa mkono mmoja mmoja, wakinipongeza kwamba hatimaye tumesikilizwa.